Kiungo wa Milioni 115: Deni Ni la Nani?

Chelsea ikifungwa, swali hurudi palepale katika vibanda vya video vya Mariakani: zile hela zote za Moisés Caicedo zilikuwa za nini? Ikishinda, waliouliza hunyamaza na watetezi wake hupaza sauti, mpaka Jumamosi nyingine. Ubishi huu umedumu tangu tarehe 14 Agosti 2023, Chelsea ilipotangaza kumsajili kiungo huyo wa Ecuador kutoka Brighton kwa pauni milioni 100, pamoja na nyongeza ya milioni 15 iliyofungamanishwa na mafanikio. Mwezi mmoja kabla yake Arsenal ilikuwa imemnyakua Declan Rice kutoka West Ham kwa milioni 100 na nyongeza ya 5, na mwisho wa Januari mwaka huo Chelsea hiyo hiyo ilikuwa imewalipa Benfica karibu milioni 107 ili kumpata Enzo Fernández. Katika muda usiofika miezi minane, viungo watatu waligharimu zaidi ya pauni milioni 320 ukihesabu nyongeza zote, na hakuna hata mmoja kati yao ambaye kazi yake ya kwanza ni kufunga mabao.

Si ajabu mji kama Mariakani uwe na maoni makali juu ya bei. Ni mji wa barabara kuu. Malori yanayotoka bandari ya Mombasa kwenda Nairobi na Kampala hupita hapa na kupimwa uzani, viwanda vya mabati viko hapa, na watu wengi wanaishi kwa kujua kitu kinauzwa ngapi na kinabebwa kwa ngapi. Kwao pauni milioni 115 si tarakimu tupu. Agosti 2023 pauni moja ilikuwa zaidi ya shilingi 180 za Kenya, kwa hivyo hesabu inapita shilingi bilioni 20. Mgao wa kaunti nzima ya Kilifi kutoka kwa serikali ya kitaifa katika mwaka wa fedha wa 2021/22 ulikuwa takriban shilingi bilioni 11.6: za zahanati, barabara za mashinani, shule za chekechea na mishahara, kuanzia Mariakani hadi Magarini. Kijana mmoja wa miaka 21 aliuzwa kwa karibu mara mbili ya fedha hizo. Anayesema kuna jambo limepinda hapo hasemi upuzi. Lakini ulinganisho huo, pamoja na ukweli wake, unaeleza jinsi dunia inavyogawa mali. Hauelezi lolote kuhusu kama mchezaji huyo anaujua mpira. Hapo ndipo ubishi unapoenda kombo. Swali la “anastahili hela hizo?” linauliza kwa mkupuo habari za mchezaji na habari za biashara. Wanaosema ndiyo huwa wanajibu la kwanza, wanaosema la huwa wanajibu la pili, na pande zote mbili zinaweza kuwa na haki bila kusikizana kamwe.

Tuichukue biashara kwanza. Brighton ilimtoa Caicedo kwao Ecuador, katika klabu ya Independiente del Valle, mwanzoni mwa 2021 kwa fedha zisizofika pauni milioni 5. Januari 2023 Arsenal ilibisha hodi na milioni 60, ikarudi na 70, ikafungiwa mlango. Machi mchezaji akatia sahihi mkataba mpya wa muda mrefu. Agosti Liverpool ikaelewana na Brighton kwa milioni 111, Caicedo akakataa kwenda Anfield, na Chelsea ikabidi ipande hadi 115. Kati ya Januari na Agosti kijana yule hakuwa ameongeza kipaji cha pauni milioni 45. Kilichoongezeka ni mkataba mpya mkononi mwa muuzaji na matajiri wawili wanaoviziana huku msimu ukiwa umeshaanza. Ushahidi mkali zaidi uko ndani ya Brighton yenyewe. Alexis Mac Allister, aliyecheza bega kwa bega na Caicedo katika safu ya kati na ambaye Desemba 2022 alikuwa ametwaa Kombe la Dunia na Argentina, aliuzwa kwa Liverpool katika muhula huo huo wa uhamisho kwa pauni milioni 35, kwa sababu mkataba wake ulikuwa na kipengele kilichotaja mapema bei ya kuondokea. Hakuna shabiki mwenye akili timamu, hata wa Chelsea, atakayeapa kwamba mmoja kati yao ni bora mara tatu kuliko mwenzake. Tofauti ile ililetwa na kalamu za mawakala na mawakili.

Halafu kuna namna ya kulipa, ambayo mashabiki huitaja mara chache. Katika vitabu vya klabu, ada ya uhamisho haiandikwi yote kwa mwaka mmoja. Hugawanywa katika miaka ya mkataba. Chelsea ilimpa Caicedo mkataba wa miaka 8, na 115 ukigawanya kwa 8 unapata milioni 14 na kitu kwa mwaka. Enzo alipewa miaka 8 na nusu. Ujanja huo uliwakera wengine hadi sheria zikabadilishwa: UEFA iliweka kikomo cha miaka 5 kwa hesabu hiyo mwaka 2023, na klabu za Ligi Kuu ya Uingereza zikafuata Desemba ya mwaka huo. Kwa hivyo ile namba kubwa tunayoigombania ilikuwa pia namba ya kihasibu, iliyopandishwa kwa sababu kulikuwa na mwanya wa kuipunguza kwenye karatasi. Mchezaji hakuhusika na mwanya huo.

Upande wa mchezaji nao una matata yake, na mengi yanatokana na jinsi tunavyoutazama mpira. Shabiki wa Mariakani huiona ligi ya Uingereza kwenye skrini, na kamera hufuata mpira. Namba sita mzuri, yaani kiungo mkabaji, hufanya sehemu kubwa ya kazi yake mahali ambapo mpira haupo: anaziba njia ya pasi kabla haijapigwa, anasogea hatua tatu ili beki wa pembeni apande bila hofu, anasimama pale ambapo namba kumi wa wapinzani alitaka kugeukia. Mpinzani akikuta njia imezibwa hurudisha mpira nyuma, na kwenye skrini ni kama hakuna lililotokea. Ongeza mkeka. Aliyeweka hela zake za siku kwenye kamari anafuatilia mabao, kona na kadi, na kwa hesabu hiyo Caicedo hujitokeza tu akionyeshwa kadi ya njano. Hata Fantasy, mchezo wa kupanga timu ambao vijana wengi huushiriki kwa simu, ulikaa miaka mingi bila kumpa kiungo mkabaji alama za moja kwa moja kwa mipira aliyoipokonya; utaratibu huo ulianza msimu wa 2025/26.

Kenya ina mfano wake mwenyewe wa upofu huu, naye ni Victor Wanyama. Muulize Mkenya anakumbuka nini juu yake. Atakutajia kichwa alichowapiga Barcelona akiwa na Celtic mnamo Novemba 2012, au lile kombora la Anfield la Februari 2018 akiwa na Tottenham. Ni mabao matamu yote mawili, lakini kocha Mauricio Pochettino, aliyemfundisha Southampton, hakumtafuta tena aje Tottenham miaka miwili baadaye kwa ajili ya mabao. Msimu wa 2016/17 Wanyama alicheza mechi 36 za ligi, Tottenham wakamaliza wa pili kwa pointi 86, na waliruhusu mabao 26 tu, machache kuliko klabu yoyote ya ligi hiyo. Huo ndio urithi wake hasa, na hauna video ya kusambazwa. Bei zake nazo zinachekesha: Southampton walimnunua mwaka 2013 kwa pauni milioni 12.5, ada iliyovunja rekodi kwa mchezaji anayeuzwa na klabu ya Scotland wakati huo, kisha wakamwachilia mwaka 2016 kwa takriban milioni 11 akiwa ameiva zaidi, kwa sababu alikuwa amebakisha mwaka mmoja kwenye mkataba. Mchezaji alipanda, bei ikashuka.

Lazima ikubaliwe kwamba Caicedo mwenyewe aliwapa wapinzani wake maneno mapema. Mechi yake ya kwanza ilikuwa tarehe 20 Agosti 2023 ugenini kwa West Ham. Kipindi cha kwanza Enzo alipiga penalti, kipa Alphonse Areola akaipangua. Caicedo akaingia kipindi cha pili, akahangaika, na katika dakika za nyongeza akamwangusha Emerson ndani ya kisanduku. Lucas Paquetá akafunga, mambo yakaishia 3-1. Upande wa pili James Ward-Prowse, aliyesajiliwa kwa takriban milioni 30 baada ya Rice kuuzwa, alitoa pasi mbili za mabao katika mechi yake ya kwanza. Viungo wa zaidi ya milioni 220, mmoja amekosa penalti na mwingine amesababisha penalti. Wa milioni 30 amezaa mabao mawili. Sentensi hiyo ilitosha kuwaziba mdomo watetezi wake kwa miezi. Kisha siku ya mwisho ya msimu, Mei 2024, Caicedo akafunga bao lake la kwanza kwa Chelsea: kombora kutoka katikati ya uwanja, Bournemouth wakiwa wamezubaa. Sifa alizomiminiwa jioni hiyo zilizidi zote alizopata msimu mzima, na zilikuwa sifa za kazi ambayo hakununuliwa kuifanya. Waliombeza kwa penalti na waliomsifu kwa kombora walikuwa wakitumia kipimo kimoja, na kipimo chenyewe hakikuwa chake.

Kipimo kinachofaa kipo Mariakani kwenyewe, pale kwenye mizani. Sheria ya uzani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki inaruhusu hadi tani 56 kwa lori la ekseli saba, lakini wapimaji hawaishii kwenye jumla. Kila ekseli ina kikomo chake, ile ya mbele tani 8, na lori ambalo halijapita tani 56 linaweza kuzuiwa kwa kuwa mzigo umeielemea ekseli moja. Kazi ya kiungo mkabaji ni ya namna hiyo: kuhakikisha mzigo wa mchezo haumwelemei mtu mmoja, ili beki asibaki peke yake na mshambuliaji asilazimike kurudi kutafuta mpira kwenye nusu yake. Ukitaka kujua thamani yake, tazama walio karibu naye wanabeba nini.

Paul Pogba anaonyesha jambo hili kuliko wote, na ndiye ambaye wapinzani wa usajili ghali humtaja kwanza. Manchester United ilimrudisha Agosti 2016 kwa pauni milioni 89, rekodi ya dunia wakati ule, baada ya kumwacha aondoke karibu bure mwaka 2012. Alifunga katika fainali ya Europa League ya 2017, lakini taji la ligi hakulishika, na mwaka 2022 mkataba wake ulikwisha akaondoka bila klabu kupata hata senti. Kwa hesabu ya biashara hiyo ni hasara isiyo na utetezi. Lakini Julai 2018, katikati ya kipindi hicho hicho, Pogba alikuwa nguzo ya Ufaransa iliyotwaa Kombe la Dunia, na akafunga katika fainali dhidi ya Croatia. Pale alikuwa na kiungo mkabaji N'Golo Kanté ubavuni. United ilihangaika kwa misimu ikimpanga leo namba sita, kesho namba nane, keshokutwa pembeni, na haikuwahi kumpa mtu wa aina hiyo. Na Kanté, kwa wanaoamini kwamba bei ni kipimo, alitoka Caen kwenda Leicester mwaka 2015 kwa pauni milioni 5.6, akatwaa ligi. Akaenda Chelsea kwa kama milioni 32, akatwaa tena mwaka uliofuata. Real Madrid walilijua somo hili mapema na kwa uchungu: mwaka 2003 walimleta David Beckham na kumwachilia kiungo mkabaji Claude Makélélé aende Chelsea kwa ada isiyofika milioni 17, na taji la ligi ya Uhispania hawakuligusa tena hadi 2007.

Wapinzani wana hoja nzito kuliko ya Pogba, nayo ni Liverpool. Klabu hiyo ilimkosa Caicedo, ikamchukua Wataru Endo wa Stuttgart kwa takriban milioni 16, kisha Ryan Gravenberch kutoka Bayern kwa kama milioni 34. Msimu wa 2024/25 kocha Arne Slot akamkalisha Gravenberch namba sita, Mac Allister akiwa mbele yake, na Liverpool wakawa mabingwa. Viungo watatu hao kwa pamoja hawafikii bei ya Caicedo peke yake. Kama ni hivyo, Chelsea walitupa hela? Nadhani hoja hii inathibitisha nusu tu ya inachodai. Inathibitisha kwamba bei ilikuwa kubwa kupita haja, na kwamba mnunuzi mtulivu angeweza kupata njia nyingine. Haithibitishi kwamba nafasi ile haikuwa na umuhimu. Kinyume chake, Liverpool iliyokuwa tayari kutoa milioni 111 kwa mtu wa kukaa pale haikutulia mpaka ilipompata anayekaa pale, na ilipompata ikachukua ubingwa. Chelsea nayo ilikuwa ya 12 kwenye ligi msimu wa kabla ya Caicedo, ikawa ya 6 katika msimu wake wa kwanza, ya 4 katika wa pili, alioanza takriban kila mechi ya ligi. Mei 2025 ikaifunga Real Betis 4-1 katika fainali ya Conference League, na Julai ikawafunga PSG 3-0 katika fainali ya Kombe la Dunia la Klabu. Simpi mtu mmoja sifa zote za kupanda huko. Cole Palmer peke yake anadai fungu kubwa. Lakini timu iliyokuwa ikivuja katikati iliacha kuvuja.

Hoja nyingine ya wapinzani inauma zaidi, na watetezi wa Caicedo hupenda kuiruka. Hela zinazokwenda kwa mmoja hutoka kwa mwingine. Kanuni za faida na matumizi ya ligi humsukuma mtumiaji mkubwa kuuza vijana aliowalea mwenyewe, kwa sababu mauzo yao huandikwa kitabuni kama faida tupu. Mason Mount, aliyekulia Chelsea tangu utotoni, aliuzwa kwa Manchester United mwaka 2023 kwa pauni milioni 55 na nyongeza. Conor Gallagher, kiungo aliyekuwa akipendwa na jukwaa kwa jinsi alivyojitolea, akapelekwa Atlético Madrid Agosti 2024 kwa kama milioni 34. Klabu ilifika mahali ikaziuza hata hoteli mbili zilizo ugani Stamford Bridge kwa kampuni dada yake, kwa milioni 76.5, ili vitabu vikae sawa. Shabiki anayesema kwamba bei ya Caicedo ililipwa na Gallagher hakosei. Mimi ningemwomba tu aangalie anamwandikia nani deni hilo. Caicedo hakupanga bei, wala hakuamua nani auzwe. Kumzomea kwa sababu Gallagher ameondoka ni kumdai mpangaji kodi ambayo mwenye nyumba ameila.

Kuna wanaodai kwamba bila bei kubwa mabishano haya yasingekuwapo. Majirani zetu wa Tanzania wanatoa jibu. Julai 2024 kiungo Mzambia Clatous Chama, akiwa na miaka 33, aliihama Simba akaenda Yanga baada ya mkataba wake kumalizika, bila ada ya uhamisho. Kelele zilienea kuanzia Kariakoo hadi huku kwetu Pwani, wengine wakisema amechoka, wengine wakisema Simba imejikata mkono. Bei ilikuwa sufuri na mashabiki waligawanyika vilevile. Na Aziz Ki, aliyekuwa kiungo wa Yanga na ambaye watu wachache sana walithubutu kumbeza msimu wa 2023/24, alikuwa amemaliza akiwa mfungaji bora wa ligi kwa mabao 21. Mabao ndiyo yaliyomkinga. Kiungo asiyefunga, awe wa bure au wa bilioni, hana kinga hiyo.

Linabaki lile neno la wazee wanaopita nje ya kibanda: hela za watu, timu za watu, nyinyi wa Mariakani zinawahusu nini? Zinawahusu kwa njia mbili. Ya kwanza ni dhahiri: kiingilio cha kibanda, jezi na malipo ya king'amuzi ni vijito vya mto ule ule unaofika London. Ya pili haizungumzwi sana. Kanuni za FIFA zinataka asilimia 5 ya ada igawiwe klabu zilizomlea mchezaji tangu msimu alipotimiza miaka 12 hadi 23, anapovuka kutoka nchi moja hadi nyingine, na tangu 2020 hata anapouzwa ndani ya nchi ya kigeni ikiwa alilelewa kwingine. Kwa kila msimu kati ya miaka 12 na 15 fungu ni asilimia 0.25 ya ada, na kuanzia miaka 16 ni asilimia 0.5. Kwa uhamisho wa pauni milioni 100, klabu iliyomlea mtoto kwa msimu mmoja tu akiwa na miaka 13 inadai pauni 250,000, ambazo kwa bei ya Agosti 2023 ni shilingi milioni 45. Lakini fungu hilo hulipwa kwa klabu inayotambuliwa na shirikisho la nchi yake, yenye rekodi ya tarehe mtoto alipoandikishwa na tarehe alipoondoka. Timu nyingi za mitaani huchezesha vijana wa umri huo katika mashindano ya likizo ya Desemba bila karatasi hata moja yenye majina yao.